Vula, Gogo

Ndani ya karavani huwezi kununa vizuri. Kununa kunataka nafasi: mlango mzito wa kubamiza, chumba cha kujifungia, ukuta wa kuugeukia. Sisi tulikuwa na mlango mmoja mwepesi ambao ukiubamiza unarudi wenyewe na kukugonga kisogoni, na chumba kimoja ambacho asubuhi kilikuwa sebule, mchana jiko, na jioni mahali pa kulala watu watano. Nilijifunza kumnunia mume wangu nikiwa nimebanana naye bega kwa bega, huku nikimpitishia chumvi. Kwa hiyo nikisema kwamba mama mkwe wangu alifika kwetu Ijumaa na akanuna mpaka Jumapili ndani ya karavani ile ile, tena bila mtu kumgusa wala kumsogeza, mjue kwamba yule mama alikuwa na kipaji.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mume wangu alikuwa fundi kwenye karakana moja Pinetown, karibu na Durban, Afrika Kusini, iliyokuwa ikitengeneza karavani, zile nyumba za kukokotwa na gari ambazo watu wa kule huenda nazo likizo. Mimi nilikuwa nashona mapazia nyumbani, kwenye vyumba viwili vya uani tulivyopanga Morningside, nyuma ya nyumba ya watu wenye mbwa wengi. Siku moja mteja akaleta karavani iliyoangukiwa na tawi la mti, akaiangalia mara ya mwisho, akamwambia mume wangu aichukue kama anaitaka. Aliitaka sana. Alitumia miezi kuinyoosha paa, mimi nikaishonea mapazia ya maua ya manjano, na tukaanza kuzurura nayo kila tulipopata nafasi, pwani ya kusini, kisha milimani, watoto wetu wawili wakiimba nyuma ya gari. Safari moja mlango ulifunguka wenyewe tukapoteza sufuria zote barabarani, mfuniko mmoja ukatufuata kilima kizima.

Ndivyo tulivyofika bwawani. Ni bwawa kubwa lililoko juu ya vilima vya Durban, maji yamezibwa kwa ukuta wa zege, lakini ukikaa ufukweni unaona ziwa tu, na majani mabichi, na ndege weupe. Pembeni palikuwa na kambi ya wenye mahema na karavani. Mume wangu ni mtu asiyeweza kuona bomba linavuja akanyamaza, na kabla hatujamaliza siku mbili alikuwa amewatengenezea wageni nusu ya kambi. Mwenye kambi, mzee mmoja wa kofia ya majani, alimtazama akifanya hivyo, akatuuliza kama tungependa kuwa wenyeji wa kambi msimu ule wa likizo ndefu. Maana yake: tuegeshe karavani yetu karibu na geti, tukae bure, tuwapokee wageni, tuwaonyeshe mahali pao, tuzoe majivu ya kuchomea nyama, na kuhakikisha maji ya moto hayaishi. Kazi ya Pinetown mume wangu angeendelea nayo, ni mwendo mfupi kwa gari. Nilikubali kabla hajamaliza kuuliza. Nilikuwa nimechoka na mbwa wa Morningside.

Na msimu huo huo ndio mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Tanga.

Baba mkwe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mume wangu ndiye mtoto wao pekee, na tangu mazishi alikuwa na jambo moja tu moyoni: mama yake aje akae nasi moja kwa moja, asibaki peke yake kwenye nyumba ile. Mama alikubali kuja, lakini alisema anakuja kusalimia. Tiketi yake ilikuwa ya kwenda na kurudi. Mume wangu alisema hiyo ya kurudi ni karatasi tu, akishawazoea wajukuu ataisahau. Nilimheshimu mama mkwe, lakini nilijua kipimo cha karavani yetu, maana mapazia nilikuwa nimepima mwenyewe.

Tulimpokea stesheni ya mabasi Durban akiwa nadhifu kana kwamba ametoka msikitini, siyo kwenye basi la kutwa nzima kutoka Johannesburg. Tulipofika kwenye geti la kambi aliomba kushuka anyooshe miguu. Akasimama pale, mkono kwenye nguzo ya geti, akivuta hewa ya bwawani, na nadhani wakati ule alikuwa anafurahi.

Geti lilikuwa na mama mmoja wa Kizulu, mtu wa makamo, mnene, mwenye kofia ya kijani. Yeye ndiye aliyeangalia geti na mabafu yote miaka na miaka kabla yetu. Jioni ile alikuwa anatoka kumwaga majivu, ndoo mkono huu na ndoo mkono huu, na kufuli amekwisha lifungua, bado geti kusukumwa tu. Akamwona mama mzima amesimama pale pale. Akatabasamu, akamwambia kwa upole kabisa:

"Vula, gogo."

Mama mkwe akaachia nguzo. Akajifunga kanga yake vizuri, akarudi kwenye gari, akafunga mlango. "Twende," akasema.

Tulienda, na geti nililifungua mimi. Tulipofika kwenye karavani hakushuka.

"Yule mwanamke kanitukana," akamwambia mwanawe.

"Kakutukana vipi, mama?"

"Kaniita gogo. Kisha kaniambia nivue."

Mume wangu akacheka. Ningekuwa karibu ningemfinya. Alipoona anacheka peke yake akajikohoza, akaanza kueleza: gogo kwa Kizulu ni bibi, ni neno la heshima, na vula ni fungua. Yule mama alikuwa anaomba afunguliwe geti.

"Na kufunga wanasemaje?"

"Vala."

Mama mkwe akafikiri. "Kwa hiyo huku kufungua ni kuvua, na kufunga ni kuvaa. Na mimi ni gogo."

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu, umekaa huku muda mrefu mno," akasema. "Shule zikifunguliwa narudi kwangu, kama tulivyopanga."

Hapo ndipo kule kununa kwa Ijumaa mpaka Jumapili kulipoanza. Mume wangu alinyong'onyea kabisa. Nilimkuta nyuma ya karavani akikaza skrubu ambayo haikuwa imelegea, akaniambia, "Nimekwisha mharibia siku ya kwanza." Nikamwambia likizo ni ndefu. Kusema kweli mwezi ule nilikuwa na dua mbili, na niliziomba kwa zamu kutegemea siku ilivyokwenda. Moja ilikuwa abaki, mume wangu apate amani. Nyingine sitaiandika.

Jambo la kwanza alilolitaka mama mkwe lilikuwa matofali. Hakuamini nyumba yenye matairi. Alisema akilala anaisikia inajiandaa kuondoka, na chini ya mteremko kuna maji. Mume wangu akamweleza habari ya breki, na vile vyuma vinne vya pembeni vinavyoikaza karavani chini, akamwonyesha kimoja kimoja. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza matofali yako wapi. Tukaweka matofali mbele na nyuma ya kila tairi. Usiku wa kwanza wenye matofali ndio aliolala bila kuugulia, na asubuhi alitwambia nyumba sasa imekaa.

Jambo la pili lilikuwa samaki. Kambi yetu ilipendwa na wavuvi wa starehe, wanaume wa kofia na fulana zenye mifuko mingi, waliokaa ukingoni kutwa nzima kimya. Mama mkwe ni mtu wa Tanga, samaki anamjua kuanzia kichwa mpaka mkia. Siku moja tukiwa tunapita alimwona mmoja wao akimtoa samaki mnene wa kutosha familia mbili. Akasimama kutazama. Yule bwana akampima samaki kwa utepe, akapigwa naye picha, akambusu mdomoni, halafu akainama na kumrudisha majini taratibu kama anamlaza mtoto.

"Kamdondosha?" akaniuliza.

"Hapana, mama. Wanavua kwa kujifurahisha. Wakimaliza wanawarudisha."

"Anamvua, anambusu, anamrudisha."

"Ndiyo."

"Na watu wanaomjua hawajasema kitu?"

Kesho yake alikwenda kukaa karibu na yule mvuvi, na ndoo. Aliiweka tu ndoo kati yao. Yule bwana alivumilia mpaka adhuhuri. Jioni tulikula samaki wa nazi, na tangu siku hiyo ndoo ya mama ilijulikana ukingo mzima.

Lakini hizo zilikuwa siku moja moja. Siku nyingi alikaa tu. Tulimwekea kiti cha kukunja chini ya turubai la karavani, kile chenye mahali pa kuweka kikombe, na hatukumwacha ashike hata ufagio. Akinyanyuka, mimi nasema, "Pumzika, mama." Akisogelea sufuria, mume wangu anasema, "Mama, kaa." Ndivyo tulivyolelewa, mama mkwe kaja kutembea, utampaje ndoo ya majivu? Alikuwa anakaa pale mikono mapajani, anatazama watu wakipita na mataulo yao, wao wanampungia, yeye anaitika kwa kichwa. Nikimpelekea chai anasema ahsante kwa sauti ya mtu aliyeko hospitali. Kila jioni akawauliza wajukuu shule zinafunguliwa lini, na kila jioni mume wangu akatafuta bomba la kwenda kutengeneza.

Aliyemwondoa kwenye kile kiti ni mama wa geti.

Yeye hakuwa na habari kwamba amemtukana mtu. Alichoona ni mwanamke mzima anakaa peke yake kutwa nzima, na siku moja akaja na mahindi mawili ya kuchoma, akavuta kreti la soda, akakaa. Mimi nilikuwa nafua pale karibu, nikasimamisha mikono kuona itakuwaje. Mama mkwe akapokea hindi, maana hindi halikumkosea kitu. Wakatafuna. Ng'ombe wa jirani alipita nje ya ua, na mbuzi nyuma yake. Mama wa geti akamwonyesha yule mbuzi kwa kidole, akasema imbuzi. Mama mkwe akageuka.

"Mbuzi?"

"Imbuzi."

"Nyama?"

"Inyama," akasema yule mama, akapiga tumbo lake.

Waliendelea hivyo mpaka mahindi yakaisha. Nyoka na inyoka, watu na abantu, kulala na lala. Jioni mama mkwe aliniambia kwamba yule mwanamke kumbe anasema Kiswahili, ila kakiharibu. Nina hakika kule kwenye kibanda cha geti mwenzake alikuwa anamwambia mtu hivyo hivyo.

Basi kiti kikahamia getini. Asubuhi akishaswali na kunywa chai anakibeba mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kumpokea. Watoto wakamfundisha vala na vula kwa kulisukuma geti huku na huku mpaka bawaba zikalia. Alikataa kabisa kuyatamka. Alisema maneno yale yana aibu. Lakini uso wake ulikunjuka, na mimi nikajikuta ninaomba dua moja tu, ile ninayoweza kuiandika.

Ilipokaribia Krismasi mama wa geti akaenda kwao, kama wafanyakazi wote wa kule wanavyokwenda kula sikukuu na watu wao. Asubuhi ya kuondoka alikuja na begi lake kichwani. Akavua ufunguo wa geti aliokuwa ameutundika shingoni kwa uzi wa kijani, akamvisha mama mkwe.

"Gogo," akasema, akionyesha geti kwa mkono. "Vula. Vala."

Mama mkwe akanitazama. Nilikuwa nimekwisha fungua mdomo kusema "Pumzika, mama," mume wangu akanikanyaga mguu. Alikuwa amevaa viatu vya kazi. Nikafunga mdomo, na mama mkwe akauficha ufunguo ndani ya kanga kana kwamba mtu anataka kumnyang'anya.

Geti lilibadilika siku ile ile. Desturi ya pale ilikuwa gari linafika, dereva anataja jina, anapewa namba ya mahali pake, anapita. Mama mkwe hakuona ni vipi mtu aingie kwako bila kusalimiana. Alikwenda dirishani kwa kila gari na kuuliza habari za safari, habari za nyumbani, watoto hawajambo, huyo nyuma mbona kalala, na yote hayo kwa Kiswahili cha Tanga, kwa Wazulu, kwa Wahindi na kwa Wazungu sawasawa, na hakumwachia mtu mpaka ajibiwe. Watu hawakujua wanaulizwa nini, lakini waliona wazi kwamba wanaulizwa. Wakajibu kwa lugha zao. Foleni ya magari ikafika barabarani, na mwenye kambi akaja mbio kutoka ofisini na kofia yake mkononi. Alipofika akamkuta bwana mmoja mkubwa wa Kizungu amezima gari kabisa, anamweleza mama mkwe kirefu habari za mkewe aliyekuwa amefanyiwa upasuaji, na mama anaitikia pole, pole sana. Mwenye kambi akasimama kidogo. Kisha akavaa kofia, akarudi alikotoka.

Kitu kimoja tu alitia mkazo: geti lisiachwe wazi. Ng'ombe wa jirani walikuwa wanalivizia. Walishajua kwamba ndani kuna mikate. Kwa hiyo mama alihitaji neno la kuwaambia watu wafunge, na "funga" yake hakuna aliyeielewa. Siku ya tatu nikiwa bafuni ninatia kuni chini ya pipa la maji ya moto, nilimsikia kwa sauti iliyojaa kambi nzima:

"Vala!"

Geti likafungwa papo hapo. Nilimsikia pia akisema peke yake, polepole, astaghfirullah.

Mwaka mpya walitujia watu wetu. Familia za Wakongo na Warundi wa kanisa moja la mjini Durban zilikodi taksi mbili, zile za abiria wengi, wakaja kushinda bwawani na masufuria yao, na spika, na watoto wasiohesabika. Mama mkwe kusikia Kiswahili kinashuka kwenye gari alifurahi kwa muda mfupi sana.

"Mama, maji ya moto iko?" akauliza dada mmoja.

"Yako."

"Ya nani, mama?"

"Maji yako."

"Yangu? Non, ya kambi. Iko?"

"Maji hayawi iko, binti. Maji yako. Yapo."

"Sawa, mama. Lakini iko?"

"Iko," akasema mama mkwe, ameshindwa.

Walimpenda. Kila saa mmoja wao alikuja getini na kisahani, kusahihishwa na kumlisha. Baada ya kula, bwana mmoja wao, mtu wa heshima, mzee wa kanisa, alitoka nje kuchukua kitu kwenye taksi. Alikuwa ametoka kuogelea, yuko kifua wazi na kaptula ya maji, na aliporudi alipita moja kwa moja akaliacha geti wazi nyuma yake. Ng'ombe wakanyanyua vichwa.

"Vala!" mama mkwe akamwamrisha.

Sasa Mkongo naye ana vala yake. Sisi tunasema kuvaa nguo, wao wanasema kuvala. Yule bwana alisimama, akajitazama kifua, akajitazama kaptula, akaona aibu kweli kweli mbele ya mama mzima mwenye kanga.

"Pardon, mama," akasema, akakimbia.

"Vala! Vala, nakwambia!"

"Ndiyo mama, ninavala!" akajibu kwa mbali, akizidisha mbio.

Alirudi muda si mrefu, na suruali ya suti, shati jeupe na tai. Alikuja kuomba radhi rasmi. Wakati huo ng'ombe watatu walikuwa wamekwisha ingia. Mmoja alikuwa anakula mkate wa wavuvi, wa pili amenasa pembe kwenye hema, na hema linamfuata, na wa tatu alikuwa amesimama mbele ya spika akisikiliza. Mzee wa kanisa akaona wajibu wake, akawakimbiza na tai yake begani, wanawake wakimwelekeza wote kwa pamoja, kwa Kifaransa, Kirundi na Kiswahili cha kila namna.

Mama mkwe alicheka. Alianza kwa kuziba mdomo na upande wa kanga, kisha kanga ikashindwa. Alicheka akiwa ameshika geti, machozi yakimtoka, anajaribu kusema "kumbe kavaa, kumbe kavaa" na haimalizi. Mume wangu alikuwa juu ya paa la bafu na spana mkononi. Akaiweka chini. Alishuka ngazi taratibu, akaja akasimama karibu yangu, macho yake yamelowa, akaniambia hajamsikia mama yake akicheka tangu siku ya kumzika baba.

Nami nilimpenda mama mkwe siku ile, nasema wazi. Nilitaka abaki kwa ajili yangu mwenyewe.

Lakini likizo haingoji mtu. Juma la mwisho mama wa geti alirudi, na mama mkwe siku hiyo hiyo akauvua ule ufunguo na kumrudishia mwenyewe. Akabeba kiti chake akakileta chini ya turubai. Jioni akaanza kukunja kanga zake kwenye sanduku, na ndani ya karavani mtu akifunga sanduku wote mnalifunga naye, maana halina pa kukaa ila miguuni kwenu. Mume wangu alikaa kitandani akitazama mikono yake. Yeye hawezi kumwambia mama yake akae wapi, hakulelewa hivyo. Nikasema mimi.

"Mama, baki. Tunakuomba."

"Nilikuja kusalimia, mkwe wangu. Nimesalimia."

"Kaa nasi tu."

"Nikae wapi?" akasema, bila hasira. "Pale kwenye kiti?"

Niliona kiti chenyewe kupitia dirishani, na kile kitundu chake cha kikombe.

Asubuhi tulipanda wote garini kwenda kumpeleka kwenye basi, sanduku nyuma na watoto juu yake. Hakuna aliyeimba. Kwenye geti mama wa Kizulu alikuwa amesimama na kofia yake ya kijani. Hakufungua. Alikuja mpaka dirishani, akauvua ufunguo na uzi wake, akauweka kwenye mapaja ya mama mkwe. Akasema maneno mengi, nami nilikielewa Kizulu kiasi nikamtafsiria: kwamba geti na mabafu ni kazi mbili na yeye ana miguu miwili tu, nayo yote imechoka, na kwamba amekwisha zungumza na mzee wa kofia, na mzee amekubali, na karavani yetu ibaki pale pale hata baada ya msimu. Yeye atabaki na mabafu yake. Kisha akarudi nyuma hatua chache, akashika ndoo zake za majivu, moja mkono huu na moja mkono huu.

"Vula, gogo," akasema.

Mama mkwe akashuka. Nilidhani anashuka kumuaga. Akalifungua geti, akalisukuma mpaka mwisho, na nje palikuwa pamefika gari linakokota karavani, mama na baba na mtoto mmoja amelala dirishani. Mama mkwe akawaendea. Habari za safari, habari za nyumbani, huyo mbona kalala. Wakamjibu kwa lugha yao. Akawapitisha, akawaonyesha kwa mkono mahali penye kivuli.

Mume wangu alikuwa ameacha injini inaunguruma. Akatoa kichwa dirishani.

"Mama, twende. Basi halitatusubiri."

Mama mkwe alikuwa amesimama ndani ya geti, uzi wa kijani uko shingoni. Alimtazama mwanawe.

"Vala," akasema.

"Sisikii baridi, mama," akajibu mume wangu, na kweli sweta lilikuwa pale pembeni yake, lile ambalo kila asubuhi mama humwambia avae.

Ni binti yetu aliyeruka kutoka nyuma ya gari, akalishika geti kwa mikono miwili.

"Baba," akasema, "bibi anasema tufunge."

Mume wangu akazima injini. Akabaki ameinamisha paji la uso kwenye usukani. Mama mkwe akamwacha kwanza, akahakikisha komeo limeingia sawasawa, kisha akaja mpaka dirishani, akamgusa begani.

"Shusha sanduku langu, mwanangu," akamwambia. "Na uongeze tofali kwenye lile tairi la nyuma. Linacheza."